Umeme ukirudi diski ya duka haionekani? Soma hapa

Wauzaji wa mtandaoni, hii ni kwa wale mnaoweka picha za bidhaa na rekodi za oda kwenye NAS, kile kisanduku cha diski, halafu mnaiunganisha na kompyuta kwa iSCSI. Umeme unakatika, ukirudi diski haipo. Mteja anasubiri picha, wewe jasho linakutoka.

Usiharakishe kuiformati! Mara nyingi diski ni nzima. Rauta imewaka upya ikaipa NAS anwani nyingine ya IP, na kompyuta bado inaitafuta kwenye ile ya zamani.

Fanya hivi:

1️⃣ Ipe NAS anwani ya kudumu. Zima DHCP kwenye mipangilio yake, uandike namba mwenyewe. Chagua namba ambayo rauta haigawi kwa simu na vifaa vingine, zisije zikagongana.

2️⃣ NAS ikiwa na matundu mawili ya waya, moja liende kwenye rauta. La pili liende moja kwa moja kwenye kompyuta: NAS iwe 10.10.10.1, kompyuta 10.10.10.2, mask 255.255.255.0. Gateway hapo iache wazi. Intaneti kompyuta itapata kwa Wi-Fi.

3️⃣ Jaribu kuping 10.10.10.1. Isipojibu, kagua waya na namba kwanza. Ikijibu, fungua iSCSI Initiator kwenye Windows, futa anwani ya zamani, weka mpya.

4️⃣ iSCSI inapita poti 3260. Iruhusu kwa kompyuta yako tu. Usiifungue kwenye rauta ili uingie ukiwa safarini, maana iSCSI yenyewe haifichi data. Weka na pasiwedi ya CHAP, herufi 12 hadi 16.

⚠️ Diski moja ya iSCSI, kompyuta moja. Wewe na msaidizi wako mkiiunganisha wote wawili mkaandika kwa pamoja, mafaili yanaharibika. Mnataka kutumia wote? Tengenezeni folda ya kushea kwenye NAS, hiyo ndiyo kazi yake.

Mwisho, NAS siyo bima. Ikiibiwa au ikiungua, oda zote zimekwenda nayo. Weka nakala nyingine nje ya duka.

Namba zako ziandike kwenye karatasi, bandika juu ya NAS. Siku umeme ukikatika utatushukuru. Mtumie na mwenzako 🙏