Majina ya Wapagazi wa Vita Yasipotee

Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika delta yetu ya Rufiji, na Waingereza wakaiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikavutwa nchi kavu. Mmoja uko Mombasa, penye Ngome ya Yesu, na watu huenda kuutazama.

Mzinga umetunzwa. Je, wale walioukokota kwa kamba ni akina nani? Jina la meli twalijua. Majina yao hatuyajui.

Waingereza nao walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Kwa ulimi wetu kikaitwa Kariakoo, na soko kubwa la Dar es Salaam lina jina hilo hata leo. Wapagazi wengi waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi.

Waliokwenda vitani wamekwisha kufa wote, lakini wajukuu wao wapo, Kibiti na huko deltani. Basi, jioni moja keti na mzee wako. Mwulize: Babu alichukuliwa kutoka kijiji gani? Alibeba nini? Je, alirudi?

Mtoto aandike katika daftari jina kamili, kijiji, na aliyesimulia. Asilolijua mzee lisibuniwe. Iachwe nafasi wazi. Kisha nakilini mara mbili: moja ikae nyumbani, ya pili apewe mwalimu, ili watoto wa kijiji kizima waisome.

Anzeni juma hili. Wazee hawatungoji.