Buloni moja, siku mbili

Ndugu wasomi, hii sikuisoma auditorium, niliisoma nikiwa nimelala chini ya gari. Tulikuwa tunafunga marshipie, zile ngazi za pembeni, kwenye pikapu ya mteja hapa Bukavu. Matundu ya chasi yapo tangu kiwandani, ila yamezibwa na buloni za milimita 8, zile za kle 13. Tatu zilitoka. Ya ine ikakataa. Nikavalisha bomba kwenye kle, nikavuta na nguvu yote. Paa! Kichwa kikabaki ndani ya kle.

Papa mwenye garaji hakunigombeza. Aliniuliza tu: «Kutu ni nini?» Niliona haya, maana kemia nilisoma. Chuma kikishikana na maji na hewa, kutu inayotokea inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Inajaza kati ya meno ya buloni na ya nati. Ukilazimisha, unakata buloni, kutu inabaki.

Siku hizi nasugua kwanza na burashi ya waya, natia mafuta ya kupenya (ukikosa, hata mazuti, lakini yanachelewa), nagonga kichwa polepole, naacha ilale. Asubuhi nafungua kidogo, narudisha, nafungua tena. Ikilia, naongeza mafuta. Moto pia unasaidia, lakini karibu na tangi au mipira ya breki, hapana kabisa!

Ile iliyokatika tuliitoboa katikati, tukakata meno mapya. Siku mbili nzima. Pesa yangu ya juma ikaishia pale.