JE, WAJUA? Kidonda cha kitandani huanza ngozi ikiwa nzima

Saa chache za kulala upande mmoja bila kugeuzwa zaweza kutosha. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikaanza kufa. Uharibifu waweza kuanzia ndani kabisa, karibu na mfupa, huku juu hakuna mchubuko wowote!

Dalili ya kwanza inayotajwa sana ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Hapo mkono hushinda jicho. Papasa taratibu visigino, nyonga na mfupa wa mkia. Penye joto au ubaridi usio wa kawaida, pagumu, palipolegea au panapouma, pana hatari. Anayemwogesha mzazi wake Litembo, kwenye baridi ya Umatengo, au Liuli kando ya Ziwa Nyasa, hahitaji kifaa chochote kwa kazi hiyo.

Matunzo ya nyumba ya wazee nayo yaweza kupimwa kwa vidonda vipya tu. Tuseme wapo wazee 40, na 4 waliingia tayari wana vidonda. Hao huwekwa kando. Wazee 3 kati ya 36 waliobaki wakipata vidonda, kiwango ni asilimia 8.3. Ni kipimo cha haki: chaeleza matunzo ya pale, si ya walikotoka.

Mwaka 1962 Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza, alitoa kipimo cha hatari ya mgonjwa kupata vidonda hivi, cha alama 5 hadi 20. Alama zikishuka, hatari hupanda.

Ukiona mahali kwenye ngozi pamebadilika, usipasugue. Mgeuze mgonjwa, paondolee uzito, umwite muuguzi siku hiyohiyo.