UZI: Vipaji vya mtaani au Wakenya wa ughaibuni? Namna ya kusikiliza mjadala wa Harambee Stars bila kuzungushwa

1/ Juzi saa saba mchana nilikuwa Jeevanjee Gardens, pale Bunge la Mwananchi hukaa. Siku hiyo hawakuwa wanajadili unga wala ushuru. Ilikuwa Harambee Stars. Mzee mmoja amesimama: "Timu ya taifa si gari ya harusi, ati tukodishe!" Kijana wa jezi akamjibu: "Mzee, tangu 1972 tumeenda AFCON mara sita peke yake. Hao wa kwetu mmewatengeneza lini?" Watu wakapiga makofi pande zote mbili. Hapo nikajua uzi wa wiki hii ni upi.

2/ Kwa wageni: mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Kila wiki nachukua hoja moja inayorushwa jukwaani na kuifungua tuone ndani kuna nini. Sitaji mwanasiasa wala chama. Ukihisi umemtambua mtu, hiyo ni shughuli yako.

3/ Kwa nini mpira ni siasa? Kwa sababu Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa AFCON 2027. Kwa sababu pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, tunajenga uwanja wa watu 60,000 kwa pesa za umma. Na kwa sababu kila mtu anayetafuta kura anajua njia rahisi ya kushangiliwa ni kusema "vijana wetu kwanza", ama "tutaleta mastaa". Sentensi zote mbili hazimgharimu chochote.

4/ Shida ya kwanza ni kwamba ndani ya mjadala huu kuna maswali matatu na sisi tunayajibu kama moja:
a) Nani ni Mkenya?
b) Nani anaruhusiwa kuichezea Kenya?
c) Pesa zetu za michezo ziende wapi?
Twende moja moja.

5/ NANI NI MKENYA? Katiba ya 2010, Kifungu cha 14: ukizaliwa na baba au mama Mkenya, wewe ni raia kwa kuzaliwa, uwe umezaliwa Pumwani au Copenhagen. Kifungu cha 16 kinaongeza kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Katiba ya zamani haikuwa hivyo. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa, na mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia wa babake tu. Mama Mkenya aliyezalia Ulaya na mume wa huko hakuwa na uraia wa kumpa mwanawe. Kabla ya 2010 tulikuwa tunafukuza vipaji kwa sheria, halafu tunashangaa wameenda wapi.

6/ Kwa hivyo Daniel Anyembe, mzaliwa wa Denmark, na Jonah Ayunga, mzaliwa wa Uingereza, wakivaa jezi ya Stars, hatujakodisha mtu. Damu ni ya hapa.

Na mstari wenyewe haujanyooka. Ayub Timbe alizaliwa Nairobi akalelewa kisoka Ubelgiji. Clarke Oduor alizaliwa Siaya, akapitia akademia ya Leeds. Hawa utawaita wa nyumbani ama wa nje? Mtu akikwambia "wageni wanachukua nafasi", muulize kwanza anamaanisha nani.

7/ NANI ANARUHUSIWA KUCHEZA? Hapa FIFA ndio wenye sheria. Pasipoti peke yake haitoshi. Mwaka 2004, baada ya Qatar kutaka kuwachukua Wabrazili ambao hawakuwa na uhusiano wowote na nchi hiyo, FIFA iliweka masharti: uwe umezaliwa huko, au mzazi, babu au nyanya yako amezaliwa huko, au umeishi huko miaka ya kutosha.

Mwaka 2020 wakalegeza kidogo upande mwingine. Ukiwa umechezea nchi moja mechi za ushindani zisizozidi tatu, kabla hujatimiza miaka 21, na hukucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara, unaweza kuhama baada ya miaka mitatu.

8/ Na ukitaka kujua njia ya mkato huisha wapi, angalia Malaysia. Septemba 2025 FIFA iliwaadhibu wachezaji wao saba waliozaliwa nje, pamoja na shirikisho lenyewe, kwa sababu ya nyaraka za kughushi kuhusu walikozaliwa babu na nyanya zao. Ukianza kutengeneza nasaba ofisini, siku moja mtu atataka kuona cheti cha nyanya.

9/ Sasa tuwape kila upande haki yake. Wanaosema "waleteni wa ughaibuni" wana hoja nzuri. Mfano uko hapa jirani baharini, Komoro. Ni visiwa vidogo, lugha yao ni binamu ya Kiswahili, na FIFA waliwapokea 2005 tu. Kikosi chao kilijaa vijana waliozaliwa au kulelewa Ufaransa, wengi Marseille. Januari 2022, AFCON yao ya kwanza kabisa, wakaipiga Ghana 3-2 na kuingia hatua ya 16 bora. Huko walipambana na wenyeji Cameroon wakiwa na beki amesimama golini kwa kukosa kipa, na bado wakafungwa 2-1 tu.

10/ Na tunajua uchungu wa kupoteza mtu. Mike Okoth Origi aliichezea Stars, akaenda kucheza Ubelgiji. Kakake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia iliyobeba Kombe la Mandela 1987. Mwanawe, Divock, alizaliwa Ostend 1995. Juni 2014, akiwa na miaka 19, alifunga bao la pekee dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia. Kwa Ubelgiji. Sisi tulipiga kelele kwenye baa za Tom Mboya Street kana kwamba lilikuwa letu.

Simlaumu hata kidogo. Ubelgiji ndiyo iliyomlea na kumfundisha. Mchezaji huwa wa aliyemtunza, isipokuwa mwingine amwite mapema na kwa heshima.

11/ Wanaosema "wa nyumbani kwanza" pia wana hoja nzuri, na ushahidi wao ni wa karibu zaidi. CHAN ya Agosti 2025 ni mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani pekee. Hakuna wa Denmark, hakuna wa Uingereza. Tukaifunga Kongo DR 1-0. Sare na Angola 1-1. Tukaifunga Morocco 1-0, Morocco ile ile ambayo mwishowe ilibeba kombe. Zambia 1-0. Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti tu. Wiki hizo hata makanga waliokuwa wakiita abiria pale Odeon walikuwa wanauliza matokeo kabla ya nauli.

12/ Na si bahati ya mwezi mmoja. MYSA ilianzishwa Mathare 1987, watoto wakicheza na kusafisha mtaa. Kutoka huko ikazaliwa Mathare United, na 2008 wakawa mabingwa wa Kenya. Oliech alipitia Mathare. Mariga na Wanyama ni vijana wa Nairobi. Olunga alitoka ligi ya hapa, na AFCON 2019 alifunga mawili tulipoishinda Tanzania 3-2. Mastaa wetu wakubwa karibu wote wametoka kwenye vumbi letu wenyewe.

13/ Kwa hivyo nani yuko sahihi? Angalieni Morocco, nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022. Katika wachezaji 26, 14 walizaliwa nje ya nchi. Penalti iliyoitoa Hispania ilipigwa na Hakimi, mzaliwa wa Madrid. Lakini bao lililoitoa Ureno lilifungwa na En-Nesyri, mzaliwa wa Fez, aliyelelewa kwenye akademia ya Mohammed VI ambayo Wamorocco walikuwa wamewekeza miaka zaidi ya 10 kabla.

Kwao halikuwa swali la hiki au kile. Waliita watoto wao wa Ulaya NA wakajenga nyumbani. Mwanasiasa anayekulazimisha uchague mara nyingi ni yule ambaye hajapanga bajeti ya hata kimoja.

14/ Sasa kuna aina ya tatu, na hapa ndipo nakaa macho: mtu asiye na mzazi wala babu hapa, anapewa pasipoti kwa sababu anajua kufunga. Majirani zetu wameonja mjadala huu. Januari 2025 Tanzania ilitoa uraia kwa wachezaji watatu wa Singida Black Stars kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, na nchi nzima ikagawanyika.

Tusijifanye watakatifu, sisi tuko upande wa pili wa biashara hii. Stephen Cherono wetu alikuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar alipobeba dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Paris 2003. Ezekiel Kemboi wa Kenya akawa wa pili. Kaka yake Cherono mwenyewe alikuwa kwenye mbio hizo hizo, amevaa rangi zetu. Tulilia tumeibiwa. Tukumbuke kilio hicho siku tukitaka kufanya vile vile.

15/ Na kuna jambo la haki. Wamakonde walikuja Kwale kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa enzi za ukoloni. Walizaa, wakazika, wakazaa tena, bila kitambulisho. Oktoba 2016 iliwabidi watembee kuelekea Nairobi ndipo wasikike, na 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Washona walingoja hadi 2021, Wapemba hadi 2023.

Katiba inamtaka mgeni aishi hapa kihalali miaka saba mfululizo kabla ya kuomba uraia. Tukimkatia foleni mshambuliaji kwa wiki mbili, tunawaambia nini watu waliongoja vizazi vitatu? Kwamba uraia ni haki, ama ni zawadi ya mguu wa kushoto?

16/ Niseme langu, maana hili si somo tu kwangu. Mdogo wangu ni beki wa kushoto wa timu moja ya Kangemi. Mechi za nje wanajichangia nauli. Mwaka jana uwanja wanaofanyia mazoezi ulikodishwa wiki mbili kwa mkutano, na ulipokwisha ulikuwa na mashimo ya nguzo na misumari. Kijana wao mmoja aliumia goti hapo. Mamake analipia matibabu kidogo kidogo kwa kuuza mboga.

Nilimuuliza mdogo wangu anaonaje hawa wa Ulaya wakija. Nilidhani atakasirika. Akaniambia: "Bro, mimi siogopi Mkenya wa Denmark. Akinishinda, amenishinda. Mimi naogopa hakuna mtu anajua niko."

17/ Hapo ndipo swali la (c) liko, PESA. Na hapa watu wengi wanapiga kelele kwenye mlango usio wake. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, kukuza michezo kitaifa ni kazi ya serikali kuu, lakini viwanja na shughuli za michezo mashinani ni kazi ya kaunti. Ule uwanja wa Kangemi wenye mashimo si wa kumwuliza kocha wa Stars. Mwulize anayeomba kura ya kaunti.

18/ Kwa hivyo wakija na kipaza sauti, waulize haya manne:

– Ukisema "mgeni", unamaanisha mtoto wa Mkenya ama mtu wa kupewa pasipoti?
– Nani atawatafuta Wakenya walioko ughaibuni wakiwa na miaka 15, si 28 klabu zimeshawaacha?
– Kiwanja gani, wadi gani, kitakuwa na nyasi na maji kufikia lini?
– Ligi ya vijana wa chini ya miaka 17 hapa kwetu itachezwa mechi ngapi kwa mwaka, na nani analipa marefa?

Anayejibu kwa wimbo, mpigie makofi ya wimbo. Kura weka mfukoni.

19/ Msimamo wangu, maana mtaniuliza: mtoto wa Mkenya aitwe popote alipo, na asiitwe mgeni. Pasipoti ya haraka kwa ajili ya mashindano, mimi siungi mkono. Na kwa kila shilingi ya kumsafirisha mtu kutoka Ulaya, nataka kuona shilingi kadhaa zimeingia kwenye ardhi ya Mathare, Kangemi, Kakamega na Likoni. Kama unapinga, njoo na hoja, si matusi. Nimeshawahi kubadilisha mawazo hapa hapa mbele yenu.

20/ Jumamosi hii timu ya mdogo wangu inacheza saa tisa. Wamefukia mashimo wenyewe kwa mchanga wa kuchanga. Kama uko pande za Kangemi, pita usimame kwenye mstari. Hakuna kiingilio. Kuna beki wa kushoto pale anataka tu mtu ajue yuko.

Wiki ijayo: kwa nini kila kampeni inaahidi kupunguza nauli, na ni nani hasa hupanga nauli. Mwisho wa uzi.