Canon, Nikon au Sony? Uliza mkono wako kwanza

Vijana wanaotaka kuingia kazi ya picha za harusi hapa Mombasa huniuliza swali moja: "Dada, ninunue kamera gani?" Wanatarajia jina. Mimi huwarudishia swali: umeishika?

Picha za kampuni hizi kubwa ukizipanga pamoja, mteja hatazitofautisha. Tofauti iko mkononi. Mimi nimezoea Canon EOS 6D. Nyuma ina gurudumu kubwa ambalo kidole gumba hulizungusha chenyewe, bila kuangalia. Nikon swichi yake ya kuwasha imezunguka kitufe cha kupigia, kwa hivyo kidole kimoja huwasha na kupiga papo hapo. Na ukiitazama kamera kwa mbele, lenzi ya Canon hufungwa kwa kufuata mwendo wa saa, ya Nikon kinyume chake. Nikon walianza hivyo mwaka 1959 na hawajageuza hadi leo. Hata pete ya kuvuta picha karibu, kwa lenzi zao nyingi, huenda upande usio wa Canon.

Haya yaonekana madogo. Mwaka jana, usiku wa kupamba, kamera yangu ilizima ghafla, shoga yangu akaniazima yake, ya kampuni nyingine. Bibi harusi akatokea mlangoni. Nikazungusha pete nimvute karibu, akaenda mbali. Nikarudisha, nikazidisha. Nilipokaa sawa, keshaketi. Simu zilikuwa zimekatazwa ukumbini, kwa hivyo hakuna mwingine aliyekuwa na picha ile. Mamake aliniuliza, "Ya kuingia iko wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Kamera haikuwa na kosa lolote. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikizungumza lugha nyingine.

Sony A7 III ni nyepesi, na hulifuata jicho la mtu hata akicheza chakacha. Lakini kwangu mimi kidole cha mwisho hakina pa kukaa, na orodha ya mipangilio ni ndefu mno. Fujifilm X-T3 ndiyo tamu kushika: kasi waizungusha juu, na lenzi zake nyingi zina pete ya tundu la mwanga, wasoma kila kitu hata kabla hujaiwasha. Kwa matembezi Mji wa Kale sina ya kuilinganisha nayo. Kwa harusi ya watu mia nne, mimi bado naona mikono hailipati kishikio sawasawa.

Basi kabla hujatoa pesa, azima kwa mwenzako siku nzima, si dakika tano dukani. Badilisha lenzi mara kumi gizani, maana ukumbi taa huzimwa. Na uliza wenzako unaofanya nao kazi wana lenzi za kampuni gani. Siku yako ikiharibika, hizo ndizo utakazoazima.