Ukitafuna keki ikawa bastola, shule utaikosa!

MACHI 2013, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mtoto wa miaka saba alikuwa akila keki bapa yenye jemu ndani. Akaing'ata huku, akaing'ata kule. Mwenyewe alidai alikuwa anachonga mlima. Mwalimu akaona bastola. Dogo akasimamishwa masomo siku mbili, na wazazi wa wanafunzi wengine wakapelekewa barua kwamba kama kuna mtoto aliyeingiwa na wasiwasi kutokana na tukio hilo, mshauri wa shule yupo tayari kumsikiliza.

Msomaji wangu, usicheke. Familia ilikwenda hadi mahakamani kutaka rekodi ya kijana isafishwe, na mwaka 2016 jaji akaamua shule haikukosea. Shule nayo ilijitetea kwamba keki ilikuwa ya mwisho tu katika foleni ndefu ya utundu. Inawezekana. Mimi nina wapwa, nazijua foleni hizo. Lakini wazazi nchi nzima walisikia neno moja tu: keki.

Sisi tuliosoma shule za msingi za hapa kwetu tulikwenda na fyekeo Jumatatu na jembe Ijumaa, na wembe wa kuchongea penseli ulikaa mfuko mmoja na karanga. Kwa kanuni za wenzetu, darasa letu lote lingefukuzwa kabla ya kengele ya saa nne. Hata hivyo tusijifanye wajanja. Kule bunduki zimejaa majumbani, na watoto wameuawa wakiwa kwenye madawati. Hofu yao si ya kubuni.

Chanzo cha mambo ni hiki. Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayosema jimbo likitaka pesa za elimu za serikali kuu, sharti liwe na sheria ya kumfukuza kwa muda usiopungua mwaka mmoja mwanafunzi atakayeleta bunduki shuleni. Sheria hiyo iliacha mlango: mkuu wa elimu wa wilaya anaweza kubadili adhabu kwa kuitazama kesi moja moja. Lakini majimbo na wilaya nyingi zikapitiliza. Kutoka bunduki wakaenda kwenye visu, kutoka visu wakaenda kwenye midoli, kutoka midoli wakaenda kwenye chochote chenye sura ya silaha. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, Aprili 20, 1999, ambapo waliuawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kamba ikakazwa zaidi. Ndiyo kanuni ya kutovumilia hata chembe. Mimi naiita "hakuna msamaha".

Kwa nini ule mlango ukafungwa? Jiweke kwenye kiti cha mkuu wa shule. Ukimsamehe huyu, mzazi wa yule atakushitaki kwa upendeleo. Na uliyemsamehe akija kufanya balaa, magazeti yatakuanika wewe. Kanuni inakutoa kwenye mtego: "Si mimi mama, ni kanuni." Mtu anarudi nyumbani kulala usingizi wake.

Eti pia kanuni ingeleta usawa, maana haiangalii sura ya mtu. Loo! Takwimu za serikali yao wenyewe za mwaka wa masomo 2011-12 zilionyesha wanafunzi weusi wakisimamishwa na kufukuzwa mara tatu ya wazungu. Na mwaka 2015 kule Irving, Texas, kijana wa miaka 14 wa familia ya Kisudan alipeleka shuleni saa aliyoiunda mwenyewe ili kumwonyesha mwalimu. Akatolewa na polisi akiwa na pingu, kwamba ametengeneza bomu la bandia. Kesi haikufunguliwa, na Rais Obama akamwalika Ikulu. Lakini wazazi wake walishaona ya kuona, na kabla mwaka haujaisha familia ikahamia Qatar.

Sasa ngoja nikupe la Delaware. Mwaka 2009 mtoto wa miaka sita, wa darasa la kwanza, alijiunga na skauti wadogo. Akawa na kifaa chao cha kukunja, chenye uma, kijiko na kisu kwa pamoja, akafurahi nacho, akakipeleka shule akalie chakula cha mchana. Adhabu: siku 45 katika shule ya watoto watukutu. Miaka sita! Mama yake akamweka nyumbani, akawa anamfundisha mwenyewe kuandika huku akipigania rufaa. Kelele zilipozidi, bodi ya shule ikakutana na kupunguza adhabu kwa watoto wa umri huo. Ni vizuri. Ila sikusikia mtu akieleza ilikuwaje pale mwanzo watu wazima, wenye digrii zao, wamtazame mtoto na kijiko chake halafu wafungue kitabu cha kanuni.

Linaloniuma kuliko yote ni la Virginia. Oktoba 1999 kijana wa miaka 13 aliambiwa na msichana anayesoma naye kwamba usiku uliopita alifikiria kujiua, na kwamba ndani ya faili lake la shule mna kisu. Kijana akalichukua faili, akalifungia kwenye kabati lake, akiwa na nia ya kuwaeleza wazazi wa pande zote mbili jioni. Habari zikawafikia walimu kabla ya jioni. Alipoulizwa akalitoa bila ubishi. Mmoja wa viongozi wa shule alikubali kwamba mtoto huyo alikuwa akimsaidia mwenzake na hakuwa hatari kwa mtu. Lakini kisu ni kisu, na kilikuwa kwenye kabati lake. Akasimamishwa siku kumi, kisha hadi muhula ukaisha. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ya shirikisho ilikataa kuingilia, ingawa jaji mmoja aliandika kando kwamba kijana ameponzwa na nia njema zilizopotea njia.

Hebu fikiri watoto wengine wa shule ile walijifunza nini siku hiyo. Kwamba ukiona kisu, geuza uso?

Halafu kuna upande wa pili. Novemba 30, 2021, mji wa Oxford, Michigan, mwalimu alikuta karatasi ya mwanafunzi wa miaka 15 ina mchoro wa bastola na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Kikao kikafanyika, wazazi wakaondoka bila mtoto, naye akarudishwa darasani na begi lake. Mkuu wa elimu wa wilaya alisema baadaye kwamba hapakuwa na kosa la kinidhamu. Begi halikufunguliwa. Ndani yake mlikuwa na bastola. Mchana uleule akaua wanafunzi wanne. Mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja kwa kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Keki ilionekana, begi halikuonekana. Nami sishangai. Mtu akizoea kupima vitu kwa kanuni, anakuwa hana tena mazoea ya kumpima mtoto. Keki yenye sura ya bastola ina kifungu chake kitabuni. Mtoto anayeomba msaada kwa maandishi hana kifungu.

Ndiyo maana wazazi wa huko wakiitaja shule ya serikali wanakunja uso. Mwaka 1999 serikali ilikadiria watoto 850,000 wanafundishwa nyumbani. Mwaka 2003 wakafika milioni 1.1. Si wote walikimbia kanuni, wengine ni mambo ya dini, wengine masomo yenyewe. Lakini katika hesabu ya 2003 sababu iliyotajwa na wazazi wengi kuliko zote kuwa ndiyo kubwa ilikuwa mazingira ya shule: usalama, dawa za kulevya, marafiki wabaya.

Wataalamu nao walishasema. Jopo la chama cha wanasaikolojia wa Marekani lilitoa ripoti mwaka 2008 kwamba halikuona ushahidi kuwa kanuni hizi zimezifanya shule kuwa salama zaidi. Serikali ya Obama ikatoa mwongozo Januari 2014 wa kulegeza kamba, serikali ya Trump ikaufuta Desemba 2018. Mzazi anatazama mpira unavyopigwa huku na huku, mwanawe akiwa katikati ya uwanja.

Dada yangu ni mmoja wao. Anaishi Ohio, ana kijana wa miaka tisa. Likizo moja walikuja nyumbani, na babu yake mtoto, mzee wa Muheza ambako chungwa linaliwa kama maji, akampa mjukuu kisu kidogo cha kumenyea. Kikazama kwenye mfuko wa pembeni wa begi, kikasahauliwa. Kwenye basi la shule, wiki ya kwanza ya masomo, mpwa wangu akatia mkono kutafuta kifutio, akakutana nacho.

Hakumwambia dereva. Hakumwambia mwalimu. Alikaa na begi miguuni kutwa nzima, hakula, hakwenda hata mapumziko. Jioni ndipo akamwambia mama yake, analia.

"Kaka, nilimkumbatia nikamwambia amefanya vizuri kunyamaza," dada aliniambia kwenye simu. "Halafu usiku sikulala. Maana siku atakapokuta kisu cha mwenzake, au bunduki, si atanyamaza vilevile?"

Akaenda kumwona mwalimu wa darasa. Hakutaja kisu, aliuliza tu kwa mfano: mtoto akikuta kitu kibaya kwenye begi lake na akakuletea mwenyewe, utafanyaje? Dada anasema yule mama wa Kimarekani alinyamaza, akautazama mlango, kisha akajibu taratibu: "Mimi ningemshukuru. Lakini nikishakiona, lazima nikipeleke ofisini, na ofisi ina kanuni zake." Akaongeza kwamba na yeye ana watoto wawili.

Barua ya kumjulisha mkuu wa elimu kwamba mtoto atasomea nyumbani dada ameshaiandika. Iko juu ya friji, bila saini. Anafanya kazi zamu ya usiku hospitali, na sijui nani atamfundisha kijana hesabu asubuhi mama akiwa amelala.