Kikapu Si Sawa na Mwili

Mwanamke atokaye Bukavu na kuvuka daraja la Mto Rusizi kuingia Rwanda, vitenge vikiwa kikapuni, hutua mzigo wake mbele ya afisa wa forodha. Huulizwa amebeba nini, kisha kikapu hufunguliwa. Hana haja ya kuona kwamba amevunjiwa heshima, kwani hajashukiwa uhalifu wowote: kila apitaye mpakani hupaswa kuonyesha mizigo yake, awe tajiri mwenye gari au mchuuzi wa miguu.

Lakini mwili wa binadamu si kikapu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Rwanda inaifuata tangu ilipoingia katika Umoja wa Forodha mwaka 2009, inataka afisa awe na sababu za kuridhisha za kuamini kwamba mtu ameficha bidhaa zisizolipiwa ushuru ndipo ampekue maungoni. Tena mwanamke hapekuliwi ila na mwanamke mwenzake. Lisilofahamika sana ni hili: aambiwapo kwamba atapekuliwa, anayo haki ya kudai apelekwe kwanza mbele ya hakimu au afisa wa ngazi ya juu, naye asipoona sababu aweza kuamuru asipekuliwe. Ni kweli kwamba mwenye mtoto mgongoni, na soko la Kamembe likimngoja, huona afadhali apekuliwe yaishe. Haki hiyo ni yake hata hivyo.

Afikapo nyumbani kwake mambo hubadilika kabisa. Ibara ya 23 ya Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inasema kwamba makazi ya mtu hayaingiliwi. Hakuna kuingia wala kupekua pasipo ridhaa ya mwenye nyumba, isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Neno la kuangaliwa sana hapo ni ridhaa. Wapo wadhanio kwamba kumwuliza mtu wa serikali maswali mlangoni ni kukiri kosa, basi husema "karibuni" kwa hofu tu, na neno hilo huhesabiwa kuwa ruhusa. Yafaa mama aulize kwa upole: mnatafuta nini, na mmekuja kwa hati gani? Swali hilo huulizwa kabla ya mlango kufunguliwa. Likija baada ya masanduku kupinduliwa, limekwisha kuwa kazi ya mahakama.